Mkebe wa Mwalimu Kathini

Wasikilizaji wapendwa, salamu kwenu popote mnaponisikia. Wewe uliye jikoni, wewe uliye lindoni, na wewe uliyejilaza redio ikiwa kifuani. Nisogeleeni kidogo, maana leo sina sauti ya kupaza. Mwaka huu wa 1999 nimewasomea habari za marehemu wengi mpaka karatasi zenyewe zimenichosha, na huyu wa leo nilitamani asomwe na mtangazaji mwingine. Lakini familia imeniomba mimi, na ombi la wafiwa halikataliwi.

Tunamkumbuka Mwalimu Kathini Munyoki. Mwalimu Kathini Munyoki wa Dandora, Awamu ya Pili. Alifariki tarehe tano Novemba, akiwa na umri wa miaka hamsini, baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Alifundisha shule za msingi kwa miaka ishirini na minane, na ishirini kati ya hiyo aliimaliza katika shule moja, upande ule wa Dandora ambao upepo ukigeuka, moshi wa jalala la jiji huingia madarasani bila kubisha hodi. Wanafunzi wake hawakumwita Mwalimu Kathini. Walimwita Madam Mkebe, na alijua, na alijifanya hajui.

Kwa nini Mkebe? Tuanzie mbali kidogo.

Kathini alizaliwa Pumwani. Baba yake, Mzee Ndolo, alikuwa mchongaji. Alichonga twiga, vitana na vijiko vya mti, kisha akavifunga kwenye gunia na kutembea kwa miguu hadi mjini kuviuza. Kathini akiwa mdogo alikaa karibu na baba akiokota vibanzi vya kuwashia jiko. Aliona jambo moja. Mzee Ndolo hakushika tezo kabla hajachukua kipande cha makaa na kuchora kwenye mti. Mistari michache tu. Siku moja akamuuliza baba yake kwa nini anajisumbua, na kazi ni nyingi. Mzee akamjibu, "Usipochora, mti ndio utakaoamua."

Hadithi hiyo Mwalimu Kathini aliwasimulia wanafunzi kila mwezi wa Januari. Kila mwaka, kwa maneno yale yale, na mapumziko pale pale, mpaka waliokuwa wamerudia darasa wakawa wanaimaliza kabla yake.

Baada ya hadithi, mkebe uliletwa. Ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia, ule wa kilo mbili, umeoshwa kwa maji moto na majivu. Kila mwanafunzi alipewa vipande viwili vya karatasi. Kwenye kipande cha kwanza aliandika lengo la kitabu. Alama ngapi anataka katika hesabu, ngapi katika Kiswahili. Kipande hicho kilibandikwa ukutani, kila mtu akione. Kwenye kipande cha pili aliandika lengo la tabia. Hicho alikikunja mara nne, akaandika jina lake nje, akakitumbukiza mwenyewe ndani ya mkebe. Mfuniko ulifungwa kwa utepe na mkebe ukapandishwa juu ya kabati. Hakuna aliyeruhusiwa kusoma lengo la tabia la mwingine. Hata mwalimu hakuruhusiwa. Nawaomba mshike hilo, wasikilizaji. Hata mwalimu.

Alikuwa mkali kuhusu namna ya kuandika. Mtoto hakutakiwa kuandika kwamba anataka kuwa mtoto mzuri. "Uzuri haupimiki," aliwaambia. "Andika kitu ambacho hata mdogo wako akiulizwa, atajua kama umekifanya." Na alipowaona wanasitasita, wanafunika karatasi kwa viwiko, aliwakumbusha kwamba mficha uchi hazai. Kasoro usiyoikubali hata kwenye karatasi utaiacha lini?

Siku ya kufunga shule, kila muhula, mkebe ulishushwa. Kila mtoto alichukua karatasi yake, akaisoma kimya, akasimama mbele ya darasa na kusema neno moja. Nimefika. Au, sijafika. Basi. Hakuulizwa lengo lilikuwa lipi. Hakupigiwa makofi, hakuzomewa. Wa mwisho kusimama alikuwa mwalimu mwenyewe, kwa sababu naye alikuwa na karatasi yake mle ndani.

Mnajua, sisi watu wa Nairobi ni wepesi wa kucheka vitu kama hivyo. Mkebe wa mafuta utamfanya nani kuwa mtu? Nilimuuliza kijana mmoja aitwaye Mulama, aliyekuwa darasa lake mwaka wa 1991, na sasa anauza viatu katika soko la Gikomba. Mulama kwao chakula cha mchana hakikuwepo. Kila adhuhuri alijificha nyuma ya tangi la maji, kisha akarudi darasani akipangusa mdomo na kuwaambia wenzake kwamba kwao wamekula chapati. Muhula mmoja akaandika: nisiseme nimekula kama sijakula. Siku ya tatu, wenzake walipomuuliza, akasema ukweli. Jirani yake wa dawati akasukuma nusu ya githeri yake, mahindi na maharagwe, upande wa Mulama. Mulama aliniambia, "Nilikula githeri ya huyo boy mwaka mzima. Ningeendelea na story ya chapati, ningekufa njaa."

Sasa tufike mahali ambapo ningependa kupita haraka, lakini Mzee Munyoki, mume wa marehemu, amenishika mkono na kuniambia nisipite haraka.

Ilikuwa Julai, mwaka wa 1993. Unga ulikuwa umepanda bei, na darasa la nane lilikuwa na watoto sabini na mmoja. Mzee Munyoki ni dereva wa lori, na wakati huo alikuwa nyumbani siku mbili kwa wiki. Mwalimu Kathini alikuwa akisahihisha madaftari mpaka anasinzia juu yake. Nthoki, binti yao wa pekee, anakumbuka kumtoa mama yake kalamu mkononi na kumvua viatu. Alikuwa amechoka, wasikilizaji. Nalisema hili si kumtetea, ila mlijue.

Wiki ya mwisho ya muhula ilikuwa ya mtihani wa majaribio. Darasa halikuwa na saa ya ukutani, kwa hiyo Mwalimu Masinde, aliyesimamia hesabu, alivua saa yake ya mkono na kuiweka mezani ili watoto waone dakika. Katikati ya mtihani upepo ukageuka. Moshi wa jalala ukaingia kwa madirisha yasiyo na vioo. Walifanya walivyozoea kufanya. Viranja walikomba kila kitu kilichokuwa mezani, daftari la mahudhurio, karatasi, chaki, na darasa zima likahamia jengo la upande wa pili. Walipokaa huko, Mwalimu Masinde akaangalia mkono wake. Saa haikuwepo. Haikuwa mezani wala sakafuni.

Mikoba sabini na mmoja ilimwagwa. Hakuna kitu. Mwalimu mkuu akasema mtihani hautaendelea mpaka mwizi ajulikane. Adhuhuri ikafika, watoto wakatolewa nje kwenye jua, na Mwalimu Kathini akarudi peke yake kwenye darasa walilokimbia moshi. Yeye na kabati. Na juu ya kabati, mkebe.

Alijiambia kwamba anatafuta ukweli. Alijiambia kwamba watoto sabini hawawezi kuteseka kwa ajili ya mmoja. Akapanda juu ya dawati, akaushusha mkebe, akabandua utepe. Akafungua karatasi moja, akaikunja. Akafungua nyingine. Nthoki anasema mama yake alikumbuka idadi mpaka siku ya kufa kwake. Karatasi ya kumi na tisa ilikuwa na jina la Phelister Nekesa. Phelister Nekesa, umri wa miaka kumi na mitano. Ndani yake kulikuwa na maneno matano. Niache kuchukua vitu vya watu.

Mwalimu Kathini alichukua karatasi hiyo akaipeleka ofisini.

Phelister akaitwa. Karatasi ilikuwa mezani, imekunjuliwa. Hakuulizwa kama ameiba. Aliulizwa saa iko wapi. Yule msichana alitazama karatasi, kisha akamtazama Mwalimu Kathini, akakaa kimya. Kimya chake kikahesabiwa kuwa jibu. Mwalimu Masinde akamchapa viboko vinne, na mwalimu mkuu akamwambia asirudi bila mzazi na bila saa. Kesho yake mama yake alikuja. Alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja kule Industrial Area, na alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja tu. Alionyeshwa karatasi. Aliisoma mara mbili. Akasema kwamba mwandiko ni wa mwanawe, na kama mtoto ameandika mwenyewe, yeye mzazi atasema nini? Wakaondoka. Phelister hakurudi tena shuleni. Siku ya kufunga, jina lake halikuitwa. Novemba hakufanya mtihani wa mwisho.

Na saa?

Septemba shule zilipofunguliwa, wiki ya pili, chaki za juu ziliisha. Mwalimu Kathini akaingiza mkono chini kabisa ya kisanduku cha chaki na kugusa kitu cha chuma. Saa ya Mwalimu Masinde, nyeupe kwa vumbi, imesimama. Siku ya moshi, kiranja alikuwa ameikomba pamoja na chaki. Watoto wanasema mwalimu alikaa chini akaishika ile saa kwa mikono miwili, na somo halikuendelea. Walidhani ni mgonjwa.

Nimezungumza na Mwalimu Masinde. Ni mtu mzima sasa, na hakutaka niifiche sehemu yake. Aliniambia, "Ile saa sijaivaa tena. Haina kosa, lakini sijaivaa."

Jioni ile Mwalimu Kathini alikwenda kwenye ploti ya vyumba vya kupanga walimokuwa wakiishi akina Phelister. Mlangoni kulikuwa na pazia jipya na watoto wengine. Jirani akamwambia walihama mwezi wa nane, hajui wapi. Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema mtu afanye nini na sakafu iliyolowa. Alirudi nyumbani akauchukua mkebe autupe. Mzee Munyoki alikuwa nyumbani siku hiyo. Akamzuia mlangoni. Haya ndiyo maneno yake, kama alivyonieleza: "Nilimwambia, Mama Nthoki, kosa si ya mkebe. Mkebe haukujifungua."

Basi mkebe ukabaki. Ila tangu siku hiyo, utepe ulitiwa sahihi na wanafunzi watatu, na funguo za darasa zikakaa kwa kiranja wakati wa chakula.

Januari ya 1994, Mwalimu Kathini aliandika karatasi yake pamoja na wanafunzi. Nthoki ameniruhusu kuwaambia iliandikwa nini. Nimwombe Phelister msamaha. Muhula ukaisha, akasimama wa mwisho mbele ya darasa, kama kawaida yake, akasema, "Sijafika." Muhula wa pili, karatasi ile ile, neno lile lile. Sijafika. Mwaka wa 1995, sijafika. Watoto walianza kunong'onezana. Mwalimu gani huyu anayetufundisha malengo na yeye mwenyewe hafiki? Mmoja wao, mwenye huruma, alimshauri achague lengo jepesi kidogo.

Mtadhani hakumpata, wasikilizaji wapendwa. La. Alimpata.

Alimwona mwaka wa 1996, mchana kweupe, kwenye barabara ya kando ya jalala. Phelister alikuwa na gunia begani na buti mbili zisizolingana. Alikuwa mmoja wa wale wanaochambua taka, wanaotenga plastiki na mifupa na kupima kwa kilo. Alikuwa anakuja moja kwa moja mahali aliposimama mwalimu. Na Mwalimu Kathini, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwenye darasa la watoto sabini waliomwogopa, akajificha nyuma ya kibanda cha mboga. Ili asionekane mjinga mbele ya muuzaji, akanunua nyanya.

Wiki iliyofuata alikwenda tena, amejiandaa, maneno ameyapanga kichwani. Akamwona kwa mbali. Akanunua nyanya. Nthoki anacheka na kulia akikumbuka. "Nyumbani kwetu tulikula nyanya mpaka baba akauliza kama tumefungua shamba." Kwa miaka mitatu Mwalimu Kathini alijua mahali Phelister alipokuwa, siku zipi, hata saa ngapi. Palikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni. Ulipokuja mgomo wa walimu wa 1997, alikuwa na wiki nzima ya kukaa nyumbani, na hakwenda. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka huo zikageuza njia ya jalala kuwa tope, akashukuru Mungu kwa tope. Alimwambia mumewe aliyokuwa akiyaogopa. Aliogopa kwamba Phelister atamtukana. Aliogopa zaidi kwamba hatamtukana.

Na kila muhula ulipofungwa, alisimama mbele ya watoto. Sijafika.

Ningetaka mzazi na mwalimu anayenisikiliza alifikirie jambo hili. Mwanamke huyu angeweza kuandika lengo lingine. Hakuna aliyekuwa akikagua. Angeandika niwahi shuleni, nisiwakemee watoto, akasema nimefika, watu wakafurahi. Aliandika lile lile moja mihula kumi na saba. Lilimchosha. Lilikuwa linamngoja kila Januari, kila Mei, kila Septemba, na halikumwacha alale vizuri. Sisi tukisema malengo ni kitu kizuri kwa mwanafunzi, huwa tunafikiria cheti na kupigiwa makofi. Hatufikirii kwamba lengo la tabia linaweza kukukalia kooni miaka mitano na nusu.

Agosti mwaka huu, daktari alimwambia figo zimeshindwa. Alitoka hospitali akaenda nyumbani, akafungua sanduku la nguo, akatoa bahasha. Siku ya pili akaanza kutembea kuelekea jalalani. Nthoki alimsindikiza, kwa hiyo haya ninayowasimulia ameyaona kwa macho yake. Mwalimu alipumzika mara nne njiani. Walipofika kwenye kibanda cha mboga, muuzaji akaanza kumpimia nyanya. Mwalimu akamwambia leo hapana.

Phelister alikuwa ameinama akichambua plastiki, miaka ishirini na mmoja sasa, kitambaa puani. Mwalimu Kathini akamwita kwa jina. Yule binti akainuka, akavuta kitambaa chini, hakuonekana kushtuka.

"Mwalimu," akasema. "Nimekuona miaka mingi ukinunua nyanya."

Mwalimu Kathini alisahau yote aliyoyapanga. Alisema tu kwamba saa ilipatikana, kwamba ilikuwa kwenye kisanduku cha chaki, kwamba alikosa, kwamba karatasi haikuwa yake kuifungua, na amekuja kuomba msamaha. Alisema akiwa amesimama, ameshikilia bega la Nthoki. Phelister akageuza debe tupu, akalipangusa kwa mkono wa sweta, akamsogezea akae.

"Kwa chaki," Phelister akarudia polepole. Kisha akauliza, "Hiyo karatasi yangu bado uko nayo?"

Mwalimu akatoa bahasha. Karatasi ilikuwa ndani, imekunjwa mara nne, jina nje. Phelister akavua glavu, akaifungua, akaisoma. Nthoki anasema aliisoma muda mrefu kuliko maneno matano yanavyohitaji.

"Hiyo term sikuwa nimechukua kitu ya mtu," akasema. "Ata rababa ya kufutia. Nilikuwa nahesabu siku. Nilikuwa nangoja tu Friday nisimame niseme nimefika. Na mkaniita ofisi Wednesday."

Mwalimu Kathini alifunika uso. Majuto ni mjukuu, wasikilizaji, na mjukuu huyu alikuwa amekua mpaka kuwa mtu mzima amesimama mbele yake.

"Hata mama aliamini hiyo karatasi," Phelister akaongeza. Hakuwa na hasira ya kuonekana. Alikuwa na sauti ya mtu aliyebeba mzigo mpaka bega likafa ganzi. Mwalimu akamwomba jambo moja. Aje shuleni siku ya kufunga, mwezi wa Novemba. Asimame mbele ya darasa aseme neno lake. Phelister akakunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Sijui, Mwalimu. Na hiyo msamaha pia sijui. Wacha nione."

Akarudi kwenye plastiki zake. Mwalimu alikaa juu ya debe mpaka alipopata nguvu za kurudi.

Muhula wa tatu ukaanza. Kwa sababu ya ugonjwa alikuwa amepewa darasa la saba, na siku nyingine alifundisha ameketi. Siku ya karatasi, mkono wake ulikuwa hauwezi kushika kalamu vizuri, akaandikiwa na Nthoki nyumbani. Nthoki analijua lengo hilo kwa sababu mwandiko ni wake. Liliandikwa hivi: Nisichoke kabla Phelister hajasimama mbele ya darasa.

Alichoka tarehe tano Novemba, saa nne asubuhi, wiki mbili kabla ya shule kufungwa. Alizikwa nyumbani kwa akina mumewe, Mwala.

Ijumaa, tarehe kumi na tisa Novemba, darasa lile lilifungua mkebe. Mwalimu Masinde ndiye aliyeushusha. Nthoki alikuwepo amevaa nguo za msiba. Watoto walichukua karatasi zao, mmoja mmoja, nimefika, sijafika, sijafika, nimefika. Walipokuwa karibu kumaliza, mlangoni akasimama mwanamke kijana aliyevaa gauni la kanisani na viatu vilivyosuguliwa. Mwalimu Masinde alimjua mara moja, na akasogea kando kumpisha.

Phelister Nekesa alikwenda mbele ya darasa. Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaisoma kimya kama sheria inavyotaka. Watoto hawakumjua ni nani. Akainua kichwa.

"Nimefika," akasema.

Akageuka kuondoka. Ndipo msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Na ya Madam?" Karatasi moja ilikuwa imebaki chini ya mkebe. Watoto wakamtazama Nthoki. Nthoki akamtazama Mwalimu Masinde. Mwalimu Masinde akaitoa, na hakumpa Nthoki. Alimpa Phelister.

"Fungua wewe," akamwambia. "Yeye alifungua yako."

Phelister aliifungua. Akasoma. Nthoki, aliyeyajua maneno kwa sababu aliyaandika kwa mkono wake, alikuwa ameshajiandaa. Mama yake alikuwa mkali, na kwa ukali wa mama yake jibu lilikuwa moja tu. Alikuwa amechoka wiki mbili kabla. Nthoki akasema kwa sauti ndogo, ili asimtwishe mgeni mzigo huo, kwamba hajafika.

Phelister akatikisa kichwa. Akaikunja karatasi mara nne, moja, mbili, tatu, nne, akairudisha ndani ya mkebe.

"Amefika," akasema. "Si nimesimama hapa."

Wasikilizaji wapendwa, hayo ndiyo niliyopewa niwasomee. Mtoto wako akiandika lengo lake, la kitabu, libandike ukutani, mkumbushe, mgombeze ukitaka. Lakini akiandika la tabia, akikubali mbele ya kipande cha karatasi kwamba kuna kitu kinamshinda, mwache na karatasi yake. Usiifungue hata kama una sababu nzuri. Mwalimu Kathini alikuwa na sababu nzuri. Na wewe mwenyewe, kabla hujalala leo, tafuta kipande chako. Uandike kitu kimoja tu, ambacho mdogo wako akiulizwa, atajua kama umekifanya. Mimi nimeandika changu hapa studio, na kimekunjwa.

Mzee Munyoki, pole sana kwa kuondokewa na mwenzako. Pole Nthoki, binti wa pekee, kwa mama. Poleni ukoo wote wa Mzee Ndolo wa Pumwani. Poleni walimu na wanafunzi wa Dandora. Mwalimu Masinde, pole nawe. Ananiambia amemwekea Phelister nafasi ya kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka ujao, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilimuuliza Phelister kama atakuja. Akasema, wacha nione.

Phelister, kama redio iko karibu nawe huko, pole na wewe. Hukuulizwa siku ile ofisini, kwa hiyo naomba nikutangazie leo, wasikie wote waliosikia tuhuma ya kwanza. Phelister Nekesa hakuiba saa. Phelister Nekesa, muhula wa pili, mwaka wa 1993, alikuwa amefika.